UZI: Kinundu cha pajani kisichouma, mimi walianza na kisu kabla ya picha

Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeukwepa muda mrefu sana ila juzi kuna kijana kapost paja lake anauliza kama ni msuli umevutika, majibu karibu yote yakawa chua, kanda maji ya moto, pumzisha mguu, itaisha yenyewe. Nikasema leo naandika, maana uvimbe wa hivyo unaweza kuwa sarkoma, aina ya kansa. Utakuwa mrefu, asiye na muda abebe hili tu: uvimbe ulio ndani ya paja, tako, nyonga au kinena, unaokua, hata kama hauumi hata chembe, usikatwe na mtu yeyote kabla haujapigwa picha ya maana na kutolewa kinyama kikapimwa. Picha, kinyama, halafu ndio kisu. Kwangu walianza na kisu, na nitaeleza ilinigharimu nini.

Niligundua naoga. Mkono una sabuni unateleza paja la kulia kwa mbele, ukapanda kitu ukashuka, kama yai limelazwa chini ya ngozi. Nikabonyeza, hakuna maumivu. Nikakaza msuli likatulia tuli, nikalegeza likacheza kidogo kushoto kulia, na hiyo nilikuja kuambiwa baadaye ndio dalili kwamba limekaa ndani kwenye msuli na sio juu kwenye mafuta ya ngozi. Wakati ule nani anajua, wiki kadhaa nyuma nilipigwa daluga palepale mpirani nikajiambia damu imevilia itanyonywa taratibu. Nikachua miezi minne, yaani kila usiku, kwa bidii. Kilichonishtua ni suruali, mguu wa kulia ukaanza kugoma kupita pale katikati ya paja wakati wa kushoto unapwaya. Nikachukua futi ya fundi nguo nikapima mapaja yote mawili, tofauti sentimita 6.

Nikaenda hospitali moja. Daktari akaweka ultrasaundi dakika chache akasema naona kama mfuko wa maji, tunautoa leo leo. Nikafurahi kabisa! Ganzi, kisu, dakika 40, nyuzi. Alichokuta sio maji, ni kitu kama ute mzito wa rangi ya manjano uliogandamana, akautoa vipande vipande. Na ingeishia hapo kama sio nesi mmoja aliyeuliza huku ameshika kichupa, dokta hii tunapeleka maabara au? Kimya kidogo. Haya peleka.

Majibu yalirudi wiki ya tatu: sarkoma.

Sasa somo kidogo. Kansa nyingi tunazozisikia, za titi, shingo ya kizazi, utumbo, tezi dume, zinaanzia kwenye ngozi za ndani za viungo na kwenye tezi. Sarkoma inaanzia kwenye vile vinavyotushikilia: misuli, mafuta, kano, mishipa ya damu, neva, utando. Jina lenyewe limetoka kwenye Kigiriki, maana yake nyama. Ikianzia kwenye mfupa ni sarkoma ya mfupa, ikianzia kwenye hizi nyingine ndio inaitwa ya tishu laini. Kwa watu wazima ni kama kansa 1 tu kati ya 100, halafu imegawanyika aina zaidi ya 50, kwa hiyo daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi maisha yake yote akaona mbili tatu basi. Na mahali inapopenda zaidi ya popote ni mguu, hasa paja. Sijui kama imepangwa hivyo ila paja lina nyama nyingi, uvimbe una pa kujificha, unaweza kufika saizi ya ngumi mtu bado anavaa na anacheza mpira.

Yangu iliitwa liposarkoma ya miksoidi. Lipo ni mafuta, miksoidi ni ile hali ya ute ute. Na hapa ndipo nilipomsamehe yule dokta nusu: hii aina imejaa ute kiasi kwamba kwenye ultrasaundi inaweza kujifanya mfuko wa maji kabisa, hata kwenye MRI, ile picha ya mtambo wa sumaku, inang'aa kama maji mpaka uchomwe ile dawa ya mshipani ya kung'arisha picha ndio unaona inanyonya dawa, maana mfuko wa maji haunyonyi. Nusu nyingine sijamsamehe, kwa sababu kitu kikubwa namna ile kilichozama ndani ya msuli hukifungui kwa picha ya dakika mbili.

Naendelea jioni, leteni maswali.

Msomaji Kimya

Pole sana mkuu. Swali, mimi nina kinundu mgongoni miaka kumi sasa, laini kama unga uliokandwa, kinacheza cheza. Nianze kuandika wosia?

Mleta uzi

Hahaha tulia kaka. Hicho kwa unavyokielezea kinafanana na lipoma, donge la mafuta lisilo kansa. Vinundu visivyo na shida ni vingi kuliko sarkoma, zaidi ya mia kwa mmoja, ndio maana madaktari wanapitiwa. Vinavyotakiwa kuwasha taa nyekundu ni hivi: kimezidi sentimita 5, au kiko ndani chini ya ule utando unaofunika misuli, au kinakua, au kilishatolewa kikarudi palepale. Maumivu yakiongezeka nayo yanahesabika, ila msisubiri maumivu, sarkoma nyingi haziumi mpaka zibane neva. Chako onyesha siku moja, kipimwe saizi iandikwe, ili mwakani ujue kama kimekua au ni wewe umenenepa.

mbishi daima

Ila mleta mada ungesema ukweli, ni lile daluga ndio lilileta kansa. Jeraha la ndani lisipotibiwa linageuka. Nimeona kwa macho yangu.

Mleta uzi

Nilimuuliza hivyohivyo bingwa wa sarkoma, akasema kugongwa hakuleti, kunakufanya upapase. Uvimbe ulikuwepo, daluga likanipeleka mkono pale. Ila kuna mtego wa kweli hapo, damu iliyovilia huwa inapungua wiki hadi wiki na ngozi inabadilika rangi, sasa kama miezi inapita na "damu" inaongezeka, ujue sio damu. Na sarkoma yenyewe inaweza kuvuja damu ndani ikajifanya hematoma, yaani hiyo damu iliyovilia, watu wametolewa "damu iliyoganda" mara mbili mara tatu kumbe.

Sababu zinazojulikana ni chache. Kupigwa mionzi eneo hilo miaka mingi nyuma kwa ajili ya kansa nyingine. Mguu au mkono uliovimba miaka na miaka kwa mfumo wa limfu (mirija inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu) kuharibika. Kuna za kurithi, kama ugonjwa wa neva wa nyurofibromatosi ambapo mtu ana madoa ya rangi ya kahawa toka utotoni na vinundu vingi laini mwilini, mtu wa hivyo kinundu kimoja kikianza kukua haraka na kuuma asikae nacho hata wiki. Na familia zinazorithishana kasoro kwenye jeni inayoitwa TP53, unakuta kansa za aina tofauti zinawapata wakiwa vijana. Wengi wetu waliobaki hakuna sababu utakayoambiwa. Hilo ni gumu kumeza kuliko kemo.

Tako la Kushoto

Jina langu limejieleza. Naomba nishuhudie upande wa nyonga maana mleta uzi kaongelea paja, huku nyuma ni dunia nyingine. Mimi ilianza kama nimekalia waleti, kila nikikaa naegemea kulia. Halafu moto ukaanza kushuka kutoka takoni, nyuma ya paja, mpaka kwenye unyayo. Nikaambiwa mgongo, diski imebana neva. Nimechomwa sindano za mgongo, nimevaa mkanda, nimefanyishwa mazoezi miezi tisa, MRI ya mgongo ikapigwa ikaonekana diski imechoka kidogo (diski za nani hazijachoka baada ya miaka 40?) wakasema hiyo hapo. Hakuna hata mmoja aliyesema vua nguo lala kifudifudi nikuangalie matako. Aliyeona ni mke wangu, akaniambia wewe mbona upande mmoja umejaa.

Ilikuwa sentimita 14, imelala juu ya ile neva kubwa ya nyuma ya mguu. Ni kwamba msuli wa tako ni mnene mno, uvimbe unakua chini yake kwa raha zake.

Mleta uzi

Asante sana kaka, hii ndio maana ya uzi. Na kinena nacho ni vilevile, pale inapita mishipa mikubwa ya damu ya mguu mzima, uvimbe wa pale unaweza ukaanza kama mguu kuvimba tu kwa sababu mshipa wa kurudisha damu umebanwa, mwingine akaambiwa ni henia.

Haya, nilivyofanyiwa baada ya majibu. Nilihamishiwa kwenye kituo chenye timu ya sarkoma, na cha kwanza hawakugusa kisu. MRI ya paja zima kuanzia nyonga mpaka goti. CT ya kifua, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka, kwa sababu sarkoma ikisafiri inapitia kwenye damu na kituo chake cha kwanza huwa ni mapafu, mara chache ndio inakwenda kwenye tezi za kinena kama kansa nyingine. Kwa hii aina yangu wakaongeza MRI ya uti wa mgongo, maana miksoidi ina tabia ya kuruka mapafu ikaenda kwenye mifupa ya mgongo au kwenye mafuta sehemu nyingine.

Kinyama cha kwanza kilipimwa upya. Maabara wakakuta kipande cha kromosomu (zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) ya 12 kimebadilishana na cha kromosomu ya 16, hiyo ndio saini ya aina yangu. Wakatoa na gredi, yaani ukali wa kansa, wanaangalia vitu vitatu: seli zimepotea sura kiasi gani, ngapi zinagawanyika, na sehemu gani ya uvimbe imeshakufa. Gredi ni 1 mpaka 3. Yangu 2. Msichanganye na steji, ile inajumlisha na saizi na kama imesambaa.

Wale ambao hawajakatwa hatua hii ndio wanachomwa sindano nene ya kutoa kinyama. Nilimsindikiza mtu mwingine baadaye nikaiona. Ganzi ya ngozi, kisindano kinaingia kwa kuongozwa na ultrasaundi, halafu kinalia TAK kama stepla, anatoka na uzi wa nyama kama wa milimita 2 unene, wanarudia mara nne tano. Muhimu: pale sindano inapoingilia panachaguliwa na yule atakayefanya operesheni au kwa kushauriana naye, kwa sababu njia yote ya sindano itakuja kutolewa pamoja na uvimbe. Na kama ni kukata kipande, mkato unafuata urefu wa mguu. Mimi yule wa kwanza alinikata kwa upana, kama tabasamu. Kwa hiyo kila alipopapasa, kila kitundu cha mpira wa kutolea damu, kila damu ilipotapakaa palihesabika kuwa pamechafuliwa na seli, na operesheni ya pili ikabidi ibebe ngozi kubwa kiasi kwamba haikufungika, wakahamisha nyama na ngozi kutoka sehemu nyingine. Na ndani walikuta masalia, kama wanavyokuta kwa watu wengi waliofanyiwa hivi.

Msomaji Kimya

Hivi kwa nini wasikate tu mguu mtu akapona moja kwa moja? Bob Marley si aligoma kukatwa kidole ikamwondoa?

Mleta uzi

Bob Marley ilikuwa melanoma, kansa ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, ikagundulika 1977 akafariki 1981. Mwaka huohuo 1977 kijana wa Kanada, Terry Fox, alikatwa mguu juu ya goti, huyu ndiye aliyekimbia na mguu wa bandia siku 143 mwaka 1980, naye akafariki 1981, imeingia kwenye mapafu. Ya kwake ilikuwa sarkoma lakini ya mfupa. Unaona, mmoja hakukatwa mwingine alikatwa, na yote ilitegemea kama seli zilishasafiri.

Kwa tishu laini hilo swali lako lilishajibiwa. Wamarekani walichukua wagonjwa 43, 16 wakakatwa kiungo, 27 wakatolewa uvimbe tu na kupigwa mionzi, majibu yakatoka 1982. Wale wa kubaki na kiungo uvimbe uliwarudia wanne palepale na waliokatwa hakuna, ila kuishi, waliishi sawasawa. Toka hapo dunia ikageuka. Sa hivi kwenye vituo vya sarkoma zaidi ya 9 kati ya 10 wanatoka na mguu wao. Kukatwa kunabaki pale uvimbe umezunguka mishipa ya damu na neva zote kwa pamoja, au umerudi mara nyingi, au umeoza. Na ukiwa juu sana, kukatwa kunaweza kuwa kwenye kiungo cha nyonga chenyewe au hata na nusu ya fupanyonga, hizo ni operesheni nzito.

Tako la Kushoto

Mimi neva ilikuwa imemezwa ikabidi iondoke na uvimbe. Nilidhani ndio basi mguu. Natembea wakuu. Unyayo hausikii kitu na kifundo kimelala, navaa kifaa cha plastiki ndani ya kiatu kinashikilia mguu usiburute. Ila kila usiku lazima nikague unyayo kwa kioo, siku moja nimetembea na kijiwe ndani ya kiatu siku nzima nikakikuta na damu.

nesi wa usiku

Naongezea kuhusu mionzi maana wagonjwa wangu wanauliza sana kwa nini wengine wanaanza nayo na wengine wanamalizia. Ikitangulia ni kawaida greyi 50 (greyi ni kipimo cha dozi ya mionzi), mara 25, wiki tano, halafu unapumzika wiki kama 4 mpaka 6 ndio operesheni. Ikija baada ya operesheni dozi inapanda 60 hadi 66 na eneo linakuwa kubwa zaidi. Utafiti wa Kanada wa 2002 ulionyesha waliotanguliza mionzi walipata matatizo ya kidonda 35 kati ya 100, waliomalizia 17. Kwa hiyo unaweza kusema bora mwisho, lakini kidonda kinapona, wakati ugumu wa misuli, goti kukakamaa na mguu kuvimba vinavyokuja na dozi kubwa vinabaki. Paja kwa mbele na kwa ndani ndio vidonda vinasumbua, msikate tamaa mkiona majimaji yanatoka wiki nyingi.

Kemo sio ya kila mtu huku. Zinazotumika zaidi ni doksorubisini na ifosfamidi, kwa zile kubwa, za ndani, zenye gredi ya juu, au zilizosambaa. Ila kwa watoto wenye rabdomiosarkoma, ile ya misuli, kemo ni lazima.

mbishi daima

Na Kaposi je? Si ndio sarkoma ya miguu hiyohiyo?

nesi wa usiku

Jina moja, njia tofauti. Kaposi inaletwa na kirusi aina ya herpesi namba 8, inakuja kama madoa na vinundu vyeusi au zambarau kwenye ngozi, zaidi pale kinga imeshuka, na mwenye VVU akianza dawa zake vizuri inaweza kurudi nyuma yenyewe. Hii ya mleta uzi haina kirusi.

Mleta uzi

Nakushukuru nesi, na fikisha salamu kwa yule mwenzako aliyeshika kichupa popote alipo.

Mimi nilitanguliza mionzi, mara 25, ngozi ikawa kama imeungua na jua, nywele za paja zikatoka sehemu ile tu zikaacha mstatili. Operesheni masaa sita. Niliamka na mpira unatoka pajani unaingia kwenye kichupa, kila asubuhi wanapima mililita, 180, 150, 160, 90, nikawa naifuatilia kama ligi. Walitoa karibu nusu ya misuli ya mbele ya paja. Ripoti ikasema ukingo wote safi, nyama nzima imezunguka uvimbe hakuna seli iliyofika pembeni. Hiyo sentensi nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote.

Kutembea tambarare hamtanijua. Ngazi ndio mtihani, kupanda natanguliza mzima, kushuka natanguliza mbovu, nikichanganya goti linakunja na kuniacha. Mazoezi ya viungo nilianza siku ya tatu nikilia na sijaacha mpaka leo, mwaka wa nne. Vipimo vya kifua na paja kila miezi mitatu miaka miwili ya mwanzo, sasa kila miezi sita, baada ya mwaka wa tano itakuwa mara moja kwa mwaka. Wiki ya majibu silali, hilo halijazoeleka.

Yule wa picha ya paja

Wakuu mimi ndiye yule niliyepost. Nimesoma uzi wote jana usiku, nikakaza msuli, halisogei. Leo asubuhi nimeenda, wamepima sentimita 7, MRI ni kesho saa mbili. Jana hiyohiyo kuna mtu alishaniambia nije kwake anipasue kwa ganzi. Nimemwambia asubiri. Sasa huko kwenye MRI nivae nini, na inauma?

Mleta uzi

Haiumi mdogo wangu. Vaa nguo isiyo na zipu wala kifungo cha chuma, mkanda na saa acha nyumbani, kama una chuma chochote mwilini au uliwahi kuingiwa na vipande vya chuma machoni waambie kabla hujaingia mlangoni. Ule mtambo unagonga kama mtu anapiga bati kwa nyundo, omba vya kuziba masikio. Utalala bila kutikisika nusu saa na zaidi, paja ndio linapigwa kwa hiyo kichwa kinaweza kubaki nje au karibu na nje. Katikati watakuchoma dawa ya mshipani, utasikia ubaridi unapanda mkononi, ni kawaida, ila kama figo zako zina shida sema mapema. Ukitoka omba picha zenyewe kwenye CD, sio karatasi ya maelezo peke yake.

Halafu rudi hapa utuambie.